Mke wa Ng'ambo ya Barabara

Wanaosema mapenzi hayana mpaka hawajawahi kuishi Bristol. Mji huu umekatwa katikati na barabara yake kuu. Maduka ya upande wa kaskazini yako Virginia, ya upande wa kusini yako Tennessee, na katikati ya lami vimepigiliwa vibao vya shaba ili mtu asije akasahau yuko jimbo gani. Miaka yote vibao vile vilikuwa vya wageni kupigia picha, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Lakini tangu Oktoba ile ya mwaka 2014, Renna Stallard hakuweza tena kuvitazama bila moyo kumwenda mbio. Mahakama zilikuwa zimeilazimisha Virginia iwatambue wanawake waliooana na wanawake wenzao, na wanaume waliooana na wanaume. Tennessee ilikuwa bado imekaza shingo.

Na Renna na mkewe Delcie walikuwa wakiishi Tennessee.

Alasiri hiyo Renna alikuwa jikoni akikoroga maharage ambayo alijua hayataliwa. Chumbani, Delcie Musick alikuwa amelala kwenye kitanda alichozaliwa, ndani ya nyumba iliyojengwa na babu yake, akimalizwa na kansa ya kongosho. Muuguzi aliyekuja asubuhi alikuwa amemvuta Renna ukumbini akamwambia asihesabu tena wiki, ahesabu siku. Tangu hapo Renna alikuwa na maneno kifuani, anayapanga, anayapangua. Mwishowe alifuta mikono, akaingia.

"Umeunguza maharage," Delcie alisema bila kufumbua macho.

"Sijaunguza."

"Pua yangu haina kansa, we Renna."

Renna alicheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaichukua miguu ya mkewe mapajani kama alivyozoea. Miguu hiyo ndiyo aliyoipenda kwanza. Delcie alikuwa mpeleka barua wa posta, mwanamke wa kaptula majira ya joto na buti majira ya theluji, na kila alipopita mbele ya saluni ya Trula, upande wa Virginia, alimofanya kazi Renna, mikasi ilisimama hewani. Sasa miguu hiyo ilikuwa miembamba, baridi, haina uzito wowote.

"Nataka tuhamie ng'ambo," Renna alisema.

"Ng'ambo ipi? Ya barabara au ya kaburi? Maana ya kaburi nahamia bila msaada."

"Usinitanie leo, mpenzi. Trula ametupa kile chumba cha nyuma ya saluni. Nimekwisha kukipiga deki. Kitanda kipo."

Delcie alifumbua macho. Yalikuwa bado macho yale yale ya kijivu, yasiyodanganyika.

"Niende nikafie saluni?"

"Ukafie Virginia." Renna aliendelea kuikanda ile miguu. "Kifo huandikwa pale kilipotokea, Delcie. Nimeuliza. Mbele ya serikali kuu kule Washington mimi ni mke wako. Posta wameniandika mke, bima imeniandika mke, hata kodi ya Washington mwaka huu tumelipa kama mke na mke. Mbele ya Virginia mimi ni mke wako. Ni wakubwa wa jimbo letu kule Nashville tu wanaoniona mpangaji wako."

"Tena mpangaji asiyelipa."

"Delcie!"

"Haya, nimenyamaza. Sema."

"Ukifia kitanda hiki, wataniuliza mimi ni nani wako, na jibu langu halitakuwa na maana. Mama yako ndiye atakayeulizwa. Uzikwe wapi, uvalishwe nini, nani akae benchi la mbele. Nitakuwa mtu aliyekuwepo tu."

"Tuna karatasi za wakili."

"Hata Vernon alikuwa na karatasi."

Vernon alikuwa mteja wa saluni. Mwenzake alipofariki, mwenye nyumba ya mazishi alizisoma karatasi zile zote kwa heshima, akamtazama mama wa marehemu aliyekuwa akilia pale mlangoni, kisha akampa mama maiti. Vernon alilikuta kaburi maua yamekwisha kukauka.

"Nisikilize na mimi," Delcie alisema taratibu. "Babu alifia chumba hiki. Baba alifia hapa hapa, nimemshika mkono. Maisha yangu yote nimewafikishia watu vyao milangoni mwao. Mimi mwenyewe sijawahi kuomba kitu. Naomba hiki kimoja. Nifie kwangu. Utaninyima?"

"Na mimi naomba kimoja. Utaninyima?"

Walitazamana. Ni jambo baya watu wawili wanaopendana kuomba kila mmoja haki yake, na haki zenyewe zisikae chumba kimoja. Renna aliinuka, akarudi jikoni, akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia mtu anayekufa, na aibu ya hasira hiyo ilimuuma kuliko hasira yenyewe.

Alikuwa bado amesimama hapo aliposikia gari uani. Mama yake Delcie, Bi. Oma, alikuwa amefika na mwanawe Harlan, shemasi wa kanisa, mtu mpole, mrefu, anayevua kofia hata akiingia dukani.

"Renna," Harlan alisalimu.

Kila siku ni Renna. Siku waliporudi kutoka kufunga ndoa Maryland, jimbo lililokuwa limekwisha kuruhusu, Delcie alimwambia, "Harlan, msalimie shemeji yako," na Harlan akacheka kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha usiofaa mbele ya watoto. Neno shemeji halikuwa limemtoka mpaka siku hiyo.

Bi. Oma alikwenda moja kwa moja chumbani na furushi kifuani. Alimbusu binti yake kipajini, akakaa, akafungua karatasi laini. Ndani mlikuwa na gauni la rangi ya buluu mpauko, lenye kola nyeupe ya kufumwa kwa mkono. Wanawake wa rika lake milimani kule hushona mapema nguo watakayozikwa nayo. Ya kwake mwenyewe ilikuwa sandukuni tangu mumewe afariki.

"Nimekushonea wewe pia, mwanangu," alisema. "Niliogopa macho yatafifia kabla sijamaliza kola."

Delcie aliliangalia gauni. "Mama, tangu lini mimi nikavaa gauni?"

"Siku ya ubatizo ulivaa."

"Nililia mpaka nikatapika."

"Ulikuwa mtoto. Sasa unakwenda mbele ya Bwana. Huwezi kwenda na suruali ya posta."

"Mama," Renna alisema kutoka mlangoni, "ameshasema anachotaka kuvaa. Suruali yake nyeusi na lile shati la..."

"Renna," Harlan alimkatiza, tena kwa upole, "haya ni mambo ya familia."

"Mimi ni familia."

"Wewe ni mtu mwema, hakuna anayebisha. Umemuuguza dada yangu na Mungu atakulipa. Lakini damu ni nzito kuliko maji. Na sheria ya jimbo hili sikuitunga mimi."

"Sheria ya Washington inasema mimi ni mkewe."

"Washington haina makaburi hapa." Aliizungusha kofia yake mikononi. "Mama amekwisha kuzungumza na watu wa mazishi. Hatukusahau. Tumekuwekea nafasi benchi la tatu, pamoja na wenzake wa posta."

Aliyasema hayo kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana yaliingia mpaka mfupani. Mtu akikutukana unajua pa kumrudishia. Huyu alikuwa amemkaribisha Renna kwenye mazishi ya mkewe mwenyewe, akidhani amemfanyia hisani.

Bi. Oma hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amelitandaza gauni juu ya mwili wa binti yake, anapima mikono, ananyoosha kola chini ya kidevu kwa vidole vyenye baridi yabisi. Delcie alilala chini ya gauni lile bila kutikisika. Juu ya kola nyeupe, macho yake yalimtafuta Renna. Renna aliona ndani yake kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote waliyoishi pamoja. Delcie alikuwa anaogopa.

"Renna," alisema. "Washa gari."

"Gari la nini?" Harlan aliuliza.

"Nakwenda Virginia."

"Delcie, hujui unachosema. Dawa zimekupanda kichwani."

"Dawa yenyewe bado sijanywa, ndiyo maana naumwa hivi. Nakwenda Virginia na mke wangu."

Bi. Oma aliinua uso. "Hukulipenda? Kama ni kola, nitaibadilisha. Naweza kuitoa leo hii hii."

"Kola ni nzuri, mama." Delcie aliigusa kola kwa kidole. "Mikono yako haijawahi kukosea. Lakini atakayelala humo siyo mimi. Mtamlilia mtu mwingine, na huyu Renna atakaa benchi la tatu akimtazama mtu asiyemjua." Akamgeukia mkewe. "Nivushe. Haraka, kabla sijabadili mawazo."

Harlan alisimama mlangoni. Hakukunja ngumi wala kupaza sauti. "Siwezi kukusaidia kumwondoa dada yangu nyumbani kwao," alimwambia Renna. "Usiniombe."

"Sikuombi."

Alimnyanyua peke yake, na shuka lake na blanketi lake. Hakuhitaji msaada, maana hapakuwa na mzigo. Delcie alimlazia kichwa begani.

"Siku ya harusi ulijaribu kunibeba ukashindwa," alimnong'oneza. "Tukaanguka wote wawili mlangoni."

"Ulikuwa umekula keki nzima."

"Leo nimekula mwili wangu mwenyewe. Naona umeweza."

Harlan aliwatazama wakija, kisha akasogea pembeni. Bi. Oma alibaki kitini amelishika gauni kwa mikono yote miwili.

Garini, Renna alimlaza kiti cha nyuma, akaendesha kama amebeba mayai. Katika kioo alimwona Delcie amejiinua kwa kiwiko, anaitazama nyumba, anaitazama, mpaka kilima kikaificha. Hakulia. Alijilaza tu akafumba macho, na tangu hapo hakuhitaji kuyafumbua, kwa sababu aliujua mji ule hata kwa mgongo, shimo kwa shimo.

"Hapa ni kwa Bi. Sproles... Hili shimo nimelilalamikia tangu enzi za baba... Sasa ni barabara kuu. Simama."

"Taa ni ya kijani, Delcie."

"Simama kidogo. Tuko katikati?"

"Tuko katikati."

"Basi kichwa changu kina mke na miguu bado ni kapera." Alicheka mpaka maumivu yakamkunja. Nyuma yao honi zilianza kulia. "Haya, twende. Ivushe na miguu."

Chumba cha nyuma ya saluni kilinuka dawa ya nywele. Ukutani ulisikika mvumo wa mashine za kukaushia na vicheko vya wateja, na dirisha lilitazama ua wa duka la matairi. Renna alikuwa ametandika shuka jipya na kuweka maua. Jioni ile alikuja muuguzi wa upande huu, mama mnene mwenye haraka, akaketi na kalamu.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mke wake," Renna alisema.

Muuguzi aliandika bila kuinua kichwa, akauliza habari za dawa. Ni hivyo tu. Neno lililokuwa limemnyima usingizi lilipita kama jina la mtaa. Alipoondoka, Renna alipiga magoti kando ya kitanda akacheka na kulia kwa pamoja, na Delcie akampapasa nywele.

"Haya, bi harusi," alisema. "Umefika."

Furaha hiyo ilidumu usiku mmoja. Kesho yake maumivu yalizidi, dawa ikaongezwa, na Delcie akaanza kupotea. Alimsahau muuguzi, akaisahau saluni. Alilisahau gauni na kola yake, na woga uliompata juu ya kitanda kile. Kitu kimoja tu hakikumtoka.

"Twende nyumbani."

"Tumekuja hapa pamoja, mpenzi. Unakumbuka? Ulisema nikuvushe."

"Hapa kunanuka. Siyo kwangu. Nirudishe."

"Delcie, ukirudi..."

"Nimekukosea nini, Renna?" Alikuwa akilia kama mtoto aliyeachwa. "Nimekukosea nini mpaka unanifungia kwa watu? Twende nyumbani."

Mchana ule wote aliomba. Alishusha miguu chini akaanguka. Aliomba kwa hasira, akaomba kwa adabu, kama mtu anayeomba maji kwa jirani. Renna alitoka nje akasimama kwenye baraza ya saluni. Barabara ya mpaka ilikuwa pale mwisho wa mtaa, anaiona taa yake inabadilika rangi. Angeweza kumrudisha kabla ya chai kupoa. Angempa kitanda chake, dirisha lake, mama yake. Na kisha gauni la buluu, na benchi la tatu, na Harlan akisema asante kwa yote.

Walipovuka kuja huku, walikuwa wawili waliotaka. Sasa mmoja alikuwa amesahau alichokitaka. Aliyebaki akitaka kuitwa mke alikuwa Renna peke yake, na alilijua hilo vizuri, na hakuna anayeweza kusema kwamba hakulijua.

Aliingia ndani. "Haya, mpenzi," alisema. "Twende nyumbani."

Alimfunika blanketi, akambeba, akamlaza garini. Delcie alimshika mkono akaubusu. Renna akawasha gari. Mwisho wa mtaa, palipopaswa kunyooka kuvuka mpaka, alikunja kulia. Alizunguka nyuma ya maktaba, akapita kwenye makanisa, akapanda kilima kimoja na kukishuka. Aliendesha polepole, machozi yakimchuruzika kidevuni, hajasogea hata hatua moja ndani ya Tennessee. Penye tuta la reli, lisilokuwa njia ya nyumbani, gari liliruka kidogo. Kiooni aliona macho ya kijivu yamefumbuka. Yalimtazama, kisha yakajifumba tena.

Alirudi kwa mlango wa uani, ule ambao Delcie hakuwahi kuuona. Alikuwa amemwomba Trula avute pazia, azime mashine zote, afungue madirisha harufu itoke. Akamlaza kitandani, akamvua soksi, akazisugua nyayo zake.

"Tumefika?" Delcie aliuliza.

"Tumefika, mpenzi."

Delcie alinyoosha mkono, akaugusa ukuta kando ya kitanda, ukuta wa mbao nyembamba uliopakwa rangi. Aliupapasa kidogo.

"Sawa," alisema. "Sawa, basi."

Hakuomba tena. Alifariki asubuhi iliyofuata, mkono wake mkononi mwa Renna, wakati saluni bado imefungwa. Muuguzi alikuja akaandika, na pale palipoulizwa mke au mume wa marehemu, aliandika jina la Renna Stallard kwa herufi kubwa, akamwonyesha ili ahakikishe halikukosewa. Renna alilisoma. Lilikuwa sahihi kabisa.

Kabla ya adhuhuri Bi. Oma alifika. Harlan alibaki garini, kofia mapajani. Mama yule alisimama kizingitini na mikono mitupu, amezeeka ghafla.

"Watu wa mazishi wameniambia kwa simu kwamba huku ni wewe wa kuombwa," alisema. "Basi naomba. Naomba nimwone mwanangu."

"Ingia, mama. Huna haja ya kuomba."

"Nina haja. Ndiyo sheria yenu huku." Hakuyasema kwa ubaya. Alikwenda kitandani, akamnyoosha binti yake nywele, akamwangalia kwa muda mrefu katika lile shati lake na suruali yake nyeusi. Halafu akaanza kutazama chumba. Alilitazama pazia, akazitazama chupa za dawa ya nywele zilizopangwa kwenye rafu, akautazama ukuta.

"Tangu ana umri wa kwenda shule alikuwa anasema atafia chumbani kwa babu yake. Hakuniomba kurudi, huku mwishoni?"

Renna angeweza kusema hapana. "Aliomba, mama. Jana mchana kutwa."

"Ukafanyaje?"

"Nilimtia garini nikamzungusha mjini. Nikamrudisha hapa hapa. Nikamwambia tumefika."

Bi. Oma alikaa chini, kwenye kiti cha wateja, akakishika kwa nguvu. Kutoka mbele ya saluni ilisikika sauti ya Trula akimwambia mteja kwamba leo hawafungui.

"Na alikuamini?"

"Hapana, mama," Renna alisema. "Hakuniamini hata kidogo. Aliniambia sawa."